Je, Nirudi Chuoni? Hesabu Kwanza, Fomu Baadaye

Haya ni maneno ya mwalimu wa elimu ya awali kutoka Kaunti Ndogo ya Ganze, aliyoyatoa mbele ya wakazi wa Kilifi waliokuja kuuliza kuhusu masomo ya chuo kwa watu wazima. Tunayachapisha kwa idhini yake. Ameomba jina lake lisitajwe.

 

Nimepewa dakika ishirini, nami ni mwalimu wa chekechea. Watoto wangu huanza kusinzia baada ya dakika kumi na tano, kwa hivyo nitajaribu kwenda haraka.

Kabla ya kikao kuanza nimeketi pale nyuma na mama mmoja. Ana miaka arobaini na mbili. Amebeba fomu ya chuo ndani ya mfuko wa nailoni isiharibiwe na jasho. Ameniuliza swali moja tu: "Mwalimu, niijaze au niirudishe?" Sikumjibu. Nilimwambia asubiri nisimame, kwa sababu swali lake ndilo lililonileta hapa, na jibu lake ni refu kidogo.

Watu wengi wanaokuja kuzungumza nanyi kuhusu masomo watawaambia elimu haina mwisho, penye nia pana njia, jazeni fomu. Maneno hayo ni ya kweli. Hata mimi nayasema kwa watoto. Lakini mtu mwenye watoto wanne, shamba la mahindi lisilo na mvua na deni la chama anahitaji zaidi ya kutiwa moyo. Anahitaji kuhesabu. Mimi nimekwenda chuoni mara mbili nikiwa mtu mzima. Mara ya kwanza nilipoteza pesa. Mara ya pili nilipata cheti. Tofauti haikuwa akili wala bidii. Mara ya pili nilihesabu kwanza, nikajaza fomu baadaye.

Mara ya kwanza

Nilifanya KCSE mwaka wa 1999. Nilipata alama za wastani, nyumbani hapakuwa na karo ya kuendelea, nikaolewa. Mwaka wa 2008 wazazi wa kijiji chetu waliniomba niwasaidie kuwatunza watoto wa nasari. Tulifundishia chini ya mkorosho, kisha ndani ya chumba cha udongo. Wazazi walikubaliana kunilipa shilingi 3,500 kwa mwezi. Kuna miezi nililipwa, kuna miezi nililetewa mahindi, na kuna miezi nililetewa salamu.

Mwaka wa 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini. Tukaanza kusikia kwamba walimu wa nasari wataajiriwa, lakini wenye vyeti. Mimi nilikuwa na uzoefu wa miaka mitano na sikuwa na hata karatasi moja ya kuuonyesha. Nikaingiwa na hofu. Niliona kama basi linaondoka na mimi nimesimama stejini.

Kwa hofu hiyo, mwaka wa 2014 nilijiunga na chuo kimoja kilichokuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapakuwa na maktaba, lakini palikuwa na bango kubwa lenye picha ya watu waliovaa majoho. Karani aliniambia nafasi zimebaki mbili na nikilipa leo nitapunguziwa. Nililipa leo. Nilisoma miezi minane. Nikapewa cheti chenye muhuri mwekundu, kizuri sana, nikakitia fremu. Nilipokipeleka ofisini kuomba kazi, afisa alikigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole, "Mama, chuo hiki umekipata wapi? Hakimo katika orodha." Niliporudi mjini kuuliza, duka la vifaa lilikuwepo, bango halikuwepo.

Pesa zile zilikuwa za mbuzi watano na akiba ya mume wangu. Hakunigombeza. Alinyamaza tu siku mbili. Wanaume, ninyi mnajua kunyamaza kwenu kunauma kuliko maneno.

Nimewaeleza haya ili mjue kwamba hasara ya kwanza haikutokana na ujinga. Ilitokana na haraka, na haraka ilitokana na aibu. Nilitaka kuifuta aibu ya kukosa cheti kabla sijauliza cheti chenyewe ni cha nini.

Maswali manne

Miaka minne ilipita. Mwaka wa 2018, nikiwa na miaka thelathini na minane, niliamua kulitazama jambo hili tena. Safari hii nilinunua daftari la kurasa thelathini na mbili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Niliandika maswali manne, na nilijiambia sitagusa fomu mpaka yote yapate majibu.

Swali la kwanza: cheti hiki kitafungua mlango gani, na nani ana ufunguo wake?

Usiulize chuo. Chuo kinauza masomo, hakiwezi kukuambia usinunue. Muulize anayeajiri. Mimi nilitafuta matangazo ya zamani ya kazi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, nikasoma neno kwa neno walivyotaka mwalimu wa elimu ya awali awe na nini. Nikaona wanataka cheti kinachotambulika na kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Nikawauliza walimu watatu walioajiriwa wamesomea wapi. Nikauliza pia mshahara, na nikaandika ule wa chini kabisa, si ule wa juu.

Ukishafanya hivyo, wakati mwingine utagundua kwamba huhitaji chuo kabisa. Nitawapa mfano wa shemeji yangu. Ni mwashi, amejenga Mtwapa na Malindi zaidi ya miaka kumi na tano. Alikuwa anakosa kandarasi kwa sababu hana karatasi, akataka kujiandikisha stashahada ya ujenzi ya miaka mitatu. Tulipokaa naye na daftari, tukaona wanaompa kazi hawamwombi stashahada. Wanataka uthibitisho kwamba anaijua kazi. Akaenda kufanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mtihani huo una daraja la tatu, la pili na la kwanza, na fundi aliyejifunza kazini anaweza kuufanya. Alianza na la tatu. Leo yuko la pili, na hakuacha kujenga hata mwezi mmoja.

Kuna njia nyingine ya namna hiyo. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, inasimamia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Unapimwa kile unachokijua tayari, na ukifaulu unapewa cheti. Mafundi wa magari, wapishi, washonaji, wasusi: ulizeni hilo kabla ya kulipia miaka miwili ya kufundishwa kitu mnachokijua.

Swali la pili: mimi naruhusiwa kuingia wapi?

Hapa wengi wetu tunajidanganya pande zote mbili. Wengine wanadhani alama zao ni mbaya mno na kila mlango umefungwa. Wengine wanadhani uzoefu utafuta alama. Ukweli uko katikati. Shahada ya chuo kikuu huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, au stashahada inayokubalika. Kwa kozi nyingi za vyuo vya ufundi, stashahada huanzia C-, cheti huanzia D, na kozi za ufundi wa mikono huwapokea hata waliopata chini ya hapo. Kozi nyingine, kama zile za vyuo vya mafunzo ya matibabu vya KMTC, huangalia pia alama za masomo maalum, si wastani peke yake. Na mtu anaweza kupanda ngazi: cheti, kisha stashahada, kisha shahada. Si lazima uruke.

Na usidhani kwamba miaka imekupita. KUCCPS, ofisi ya kitaifa inayowapanga wanafunzi vyuoni, hupokea maombi ya vyuo vya ufundi hata kutoka kwa waliofanya KCSE miaka ya nyuma. Soma masharti ya kila kozi wakati maombi yanapofunguliwa. Jambo hili lina faida ya pesa pia. Katika vyuo vya umma, msaada wa serikali umeelekezwa kwa wanaopangwa kupitia hapo. Ukienda moja kwa moja na kujisajili mwenyewe, unaweza kujikuta unalipa zaidi ya jirani yako wa dawati.

Kama cheti chako cha KCSE kimepotea, nenda polisi uripoti upewe hati, kisha uombe kingine kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Usingoje mpaka wiki ya mwisho. Na kama cheti kimekaa shuleni miaka ishirini kwa sababu ya salio la karo, jueni kwamba Sheria ya KNEC ya 2012 hairuhusu mtu wala taasisi kukizuia. Nenda ukaulize kwa heshima, na kama hawakusikii, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Swali la tatu: gharama kamili ni kiasi gani?

Sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo nyumba huingia matatani. Bango la chuo huandika karo. Karo si gharama.

Kozi yangu ilikuwa ya walimu walio kazini. Tulikutana wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba, wiki tatu kila mara. Karo ilikuwa shilingi 11,000 kwa kila kikao. Nilipoanza kuandika, nikapata haya. Malazi na chakula, 6,500. Nauli kutoka Bamba kwenda na kurudi pamoja na boda boda, 600. Vitabu na fotokopi, 1,400. Halafu kitu ambacho hakuna bango litakuandikia: mimi huuza maandazi wakati wa likizo, na faida yake ilikuwa kama shilingi 1,800 kwa wiki. Wiki tatu nisizouza ni 5,400. Jumlisheni. Ni shilingi 24,900 kwa kikao, zaidi ya mara mbili ya karo. Kwa mwaka wa vikao vitatu ni 74,700. Kwa miaka miwili ni 149,400, na hapo sijatia ada ya mtihani.

Nilipoona hesabu hiyo nililia, nawaambia kweli. Kisha nikafuta machozi nikaandika mstari mwingine chini yake: nikiajiriwa kwa mshahara ule wa chini kabisa, pesa hizi zitarudi baada ya muda gani? Nikaona zingerudi. Na nisipoajiriwa? Hazitarudi, lakini je, nyumba itasimama? Hilo la pili ndilo swali lenyewe. Usiweke rehani kitu ambacho kukikosa kutawalaza watoto njaa. Mimi niliamua naweza kuuza mbuzi wawili na kukopa 20,000 kwa chama. Ng'ombe na shamba havitaguswa. Niliandika hivyo, nikatia sahihi, mume wangu naye akatia sahihi. Karani wa benki hakuwepo, lakini mkataba ulikuwa mkataba.

Kuhusu msaada, mambo ni mawili na msiyachanganye. Basari, iwe ya kaunti kupitia ofisi ya wadi au ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hairudishwi. Lakini ni ndogo, waombaji ni wengi, na haiji kwa tarehe unayoitaka. Ihesabu kama mvua: ikija tunashukuru, lakini hatupandi kwa kuitegemea peke yake. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutolewa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vya ufundi, na huo hurudishwa, pamoja na riba. Ukimaliza masomo deni halisahau jina lako. Kabla ya kutia sahihi, uliza utalipa kiasi gani kwa mwezi na kuanzia lini, na uliza adhabu ya kuchelewa. Kituo cha Huduma kitakuelekeza.

Swali la nne: nani atabeba kazi nitakayoiacha?

Akina mama, hili ni letu zaidi, lakini hata kina baba lawahusu. Mtu mzima haendi chuoni peke yake. Anaondoka na mikono miwili ambayo ilikuwa ikichota maji, ikipika, ikiwapeleka watoto kliniki na kumwangalia mgonjwa. Kazi hiyo haiendi likizo. Kama hujapanga nani ataifanya, itafanywa na binti yako wa darasa la saba, na wewe utapata cheti yeye akikosa chake.

Mimi nilikaa na mume wangu, mavyaa wangu na watoto wakubwa wawili. Tuliandika nani atachota maji siku gani. Mavyaa wangu alikataa mwanzoni. Alisema, "Mwanangu, umri huu unasomea kuwa nani?" Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, nikipata mshahara, dawa zako za presha hazitategemea korosho tena." Alifikiri, akasema atalala na mtoto mdogo. Mume wangu alipewa jiko. Wiki ya kwanza aliunguza ugali siku tatu mfululizo, na watoto walinipigia simu kwa siri. Wiki ya pili aliweza. Siku hizi anapika wali wa nazi kuniliko, lakini msimwambie nimesema.

Chuo chenyewe ni cha kweli?

Sasa baada ya maswali manne, kagua chuo. Nililipia somo hili mbuzi watano, ninyi nawapa bure.

Kama ni chuo cha ufundi, uliza Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA. Kama ni chuo kikuu, uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kama ni ualimu, uliza Wizara ya Elimu, na uulize TSC kama itamsajili mwenye cheti cha chuo hicho. Orodha za vyuo zinapatikana kwenye intaneti. Kama huna simu ya intaneti, mwombe mwanao. Jambo moja zaidi: chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi unayoitaka haijaidhinishwa. Uliza yote mawili. Uliza pia mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Kama jibu ni "tunautunga sisi wenyewe" na cheti kinapaswa kutambulika kote nchini, ondoka polepole, na usiache kiingilio.

Omba karatasi ya ada yote, kuanzia usajili hadi mahafali. Lipa kwa akaunti ya benki au nambari ya malipo yenye jina la chuo, si kwa simu ya mtu. Na ukiambiwa nafasi zimebaki mbili, ulipe leo, kumbuka duka la vifaa vya ujenzi.

Ilivyokuwa

Nilianza Agosti 2018. Siku ya kwanza niliingia darasani, wasichana wawili wakasimama wakaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Walidhani mimi ndiye mkufunzi. Nikawajibu marahaba, nikaenda kuketi nyuma. Wakacheka, nami nikacheka. Yule wa kulia ndiye aliyenifundisha kutumia kompyuta, na mimi ndiye niliyemfundisha kumnyamazisha mtoto wa miaka minne anayemlilia mamake. Wanafunzi wazima tuna kitu cha kutoa.

Kusoma kulikuwa kugumu. Kichwa kilikuwa kimezoea bei za unga, si nadharia za makuzi ya mtoto. Nilisoma saa kumi alfajiri kabla kuku hawajaamka. Mtihani wa kwanza wa ndani nilipata alama thelathini na nane. Nikamwendea mkufunzi, akanionyesha kwamba sikuwa sijui, nilikuwa sijajibu nilichoulizwa. Kuuliza si ujinga. Ningeona haya, ningerudi nyumbani siku hiyo.

Kikao cha Desemba 2019 sikuhudhuria. Mume wangu aliumwa, pesa zikaenda hospitali. Niliandikia chuo barua ya kuahirisha, na nilihifadhi nakala. Barua hiyo ndiyo iliyonirudisha bila kulipa usajili upya. Machi 2020 korona ikafunga shule zote, tukakaa. Nilimaliza mwaka wa 2021. Kozi ya miaka miwili ilinichukua mitatu. Kwa mtu mzima hilo ni jambo la kawaida. Tieni muda huo ndani ya hesabu zenu mapema.

Na ajira haikuja siku iyo hiyo. Nilisubiri miezi kumi na sita, na katika miezi hiyo ukame wa Ganze ulichukua mbuzi waliobaki. Kuna usiku nilijiuliza kama nimekosea tena. Lakini ng'ombe na shamba vilikuwa bado vyetu, kwa sababu ya ule mstari tulioutia sahihi. Kwa hivyo kusubiri kuliumiza, hakukutuangusha. Kisha nafasi zikatangazwa, nikaomba, nikaitwa, na cheti changu afisa alikigeuza mbele na nyuma, akakiweka upande wa waliokubaliwa. Leo ninafundisha kwa mkataba, na mshahara unaingia kwa simu.

"Bado" nalo ni jibu

Nisimalizie kwa kuwafanya mdhani kila mtu aende. Wifi yangu alitaka kusomea uuguzi. Tulijibu maswali manne pamoja. Swali la pili lilimkwaza, maana alama zake za sayansi hazikufika. Swali la nne nalo lilimkwaza, maana alikuwa anamlea mtoto mwenye ulemavu na hapakuwa na wa kumpokea. Akaamua: bado. Alijiunga na kozi ya ushonaji katika chuo cha ufundi cha kaunti karibu na kwake, akirudi nyumbani kila jioni. Anashona sare za shule. Anafikiria kurudia masomo yale ya sayansi kama mtahiniwa wa kibinafsi mtoto akipata nafasi ya shule. Hakushindwa. Alihesabu akapata jibu lake, na jibu lake halikuwa langu.

Kila mahali watu hunitajia mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka themanini na minne. Nampenda sana mzee yule, na anapaswa kutuondolea aibu ya umri, moja kwa moja. Lakini kumbukeni elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bila malipo mwaka mmoja kabla. Yeye alihitaji ujasiri. Sisi tunahitaji ujasiri na daftari.

Kwa hivyo mama yangu wa pale nyuma, mwenye fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Usiijaze leo, na usiirudishe leo. Nenda nayo nyumbani. Nunua daftari la shilingi thelathini, uandike maswali manne, uketi na watu wako. Ukipata majibu yote manne, jaza kwa mwandiko mzuri, na siku ya kwanza ukiamkiwa shikamoo, itikia marahaba uingie. Ukikosa moja, andika "bado" na tarehe ya kulitazama tena. Jambo baya ni kujaza kwa sababu ya aibu, kama nilivyofanya mimi, au kuacha kwa sababu ya aibu, kama wanavyofanya wengi.

Wiki tatu zijazo niko nyumbani, shule zimefungwa. Anayetaka tukae naye na daftari lake aje. Maandazi yapo, lakini hayo mtalipa.



Kwa ufupi: kabla ya kulipa hata shilingi moja

1. Soma tangazo halisi la kazi unayoitaka uone linahitaji cheti gani. Mwulize mwajiri, si chuo.

2. Fundi mwenye uzoefu aulize kwanza kuhusu mtihani wa ufundi wa NITA na utambuzi wa ujuzi chini ya KNQA.

3. Tafuta vyeti vyako mapema. Cheti cha KCSE kilichopotea kinaombwa upya KNEC baada ya kuripoti polisi.

4. Hakikisha chuo kimesajiliwa na kozi imeidhinishwa. Uliza nani anatunga mtihani wa mwisho.

5. Andika gharama kamili: karo, malazi, nauli, vifaa, ada ya mtihani na mapato utakayoyakosa.

6. Uliza ofisi ya wadi kuhusu basari, na Kituo cha Huduma kuhusu mkopo wa HELB. Basari hairudishwi, mkopo hurudishwa.

7. Kubaliana na watu wa nyumbani nani atafanya kazi gani. Mtoto asikose shule ili mzazi asome.

8. Ukilazimika kusimamisha masomo, andika barua ya kuahirisha na uhifadhi nakala.